Wimbo wa Mtu Asiye na Mali



Wale waliokuja kwenye mkutano wetu wa siku ya posho iliyopita wanakumbuka. Tulikuwa tumemaliza hesabu ya likelemba, mvua imetufungia ndani, na mama mwenyekiti, ili tusianze kusema majirani, akatoa swali: kila mmoja ataje wimbo wa mapenzi anaoupenda, halafu aseme unamkumbusha nini.

Mwanzoni hakuna aliyetaka kufungua kinywa. Sisi ni watu wenye wajukuu. Kisha mama mmoja wa Kabambare akajitoa, akataja wimbo wa Mbilia Bel, ule ambamo mwanamke anasema anakwenda Nairobi. Alisema alipokuwa msichana aliamini Nairobi iko mbele kidogo ya Kalemie, na kwamba siku moja atapanda lori afike huko na viatu virefu. Mwingine akasema yeye ni Tshala Muana tu, hakuna mwingine. Tulipomuuliza kama anakisikia Kichiluba, akajibu kwamba masikio hayakisikii lakini kiuno kinakisikia. Halafu mama mzee kuliko sisi wote, yule anayekaa karibu na mlango ili apate hewa, akasema: "Mimi sina wimbo. Bwana yangu alinipenda na samaki." Kila alipotoka Lualaba, alisema, mume wake hakutoa neno. Aliweka samaki mmoja juu ya kizingiti chake, mkubwa kuliko wale aliowapelekea wake wenzake, akaenda kuoga. Miaka thelathini. "Huo ndio wimbo wangu," akasema, na kitoto kilichokuwa kimelala mgongoni mwa mama yake kikaamka kwa kicheko chetu.

Zamu yangu ilipofika nikasema "Malaika". Wote wakasema eee, huo ni wa kila mtu, na zamu ikapita. Sikuongeza neno kwa sababu binti yangu alikuwa ameketi pale pale akisaidia kuandika majina. Sasa ninaandika yale niliyoyameza. Yeye ameyasoma kwanza. Amefuta mistari miwili, yaliyobaki ameyakubali.

Wimbo huo mnaujua. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mtu wa Tanzania, Adam Salim, alidai kwamba ni yeye aliyeutunga zamani zaidi, kwa ajili ya msichana aliyemkosa. Kesi yao sitaiamua. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba ukafika Ulaya na Marekani, na watu wasiojua neno moja la Kiswahili wanaushika kama wimbo wa kubembelezea mtoto. Wanasikia malaika, wanasikia sauti tamu, basi. Lakini habari ya wimbo ni kavu: kijana anampenda msichana, anataka kumwoa, na hana kitu mkononi.

Na hapo ndipo sisi watu wa Maniema tunapousikia kuliko wengine. Kwa mtu wa Nairobi au wa Dar es Salaam, mali ni utajiri: nyumba, ng'ombe, pesa za benki. Kwetu neno hilo lina mlango mmoja zaidi. Mali ni kile kinachotolewa kwa ajili ya msichana. Tunasema wametoa mali, mali haijaisha, yule alikwenda bila mali. Mashehe na vitabu vinasema mahari, sisi kwa mdomo tunasema mali. Kwa hiyo kijana wa Kasongo akiuimba wimbo ule, haimbi juu ya umaskini wa dunia nzima. Anaimba juu ya baba wa yule msichana.

Baba yangu alilisikia hilo siku ya kwanza. Mimi ilinichukua miaka.

Ilikuwa 1984. Baba alikuwa fundi cherehani sokoni, mtu wa hesabu, wa kupima mara mbili kabla ya kukata. Kijana aliyenitaka alikuwa anasukuma mawese kwa baiskeli, madumu yamefungwa nyuma na mbele, toka Kasongo hadi Kabambare. Siku mbili njia ikiwa imekauka, tano ikiwa mvua imekula madaraja. Alirudi na maharagwe na ndakala wa Tanganyika. Walikuwa yatima, yeye na wadogo zake wawili, na nyuma yake hakukuwa na mtu wa kumsaidia kutoa hata jogoo. Jioni alipita mbele ya nyumba yetu na baiskeli tupu, polepole kama mtu anayebeba mayai, akiimba "Malaika". Sauti yake haikuwa nzuri. Lazima niseme ukweli: ilikuwa inavunjika pale juu, na mahali pengine aliweka maneno ya kwake. Mimi nilikuwa uani natwanga sombe, na mchi ulikuwa unapotea njia.

Siku moja baba akatoka na mkasi mkononi, akasema: "Yule kijana ananitukana mbele ya nyumba yangu."

Mama akamwambia, anaimba tu.

"Anaimba kwamba mimi ni mchoyo," baba akasema, "na mtaa wote unasikia."

Niliona ni maneno ya mzee anayetafuta ugomvi. Wimbo mtamu hivi, matusi yako wapi?

Walipokuja kuulizia, baba akawapa hesabu yake: mbuzi kumi na wawili, mabati ishirini, cherehani moja ya kukanyaga. Pesa hakutaka nyingi, kwa kuwa zaire ya wakati ule ilikuwa inayeyuka mfukoni kama chumvi. Alitaka vitu. Wakati huo vijana wengi walikuwa wanakwenda Namoya na Salamabila. Tangu serikali iliporuhusu raia kuchimba dhahabu kwa mikono, mwanzoni mwa miaka ile ya 1980, barabara ya Kabambare ilijaa watu wenye sepetu begani. Mwaka 1985 naye akaenda. Alinifuata kisimani jioni kabla ya kuondoka, akasema miezi miwili.

Ilikuwa miaka miwili na siku kumi na tisa.

Katika muda huo wote nilipata kitu kimoja tu kutoka kwake. Dereva wa lori alileta kaseti iliyofungwa ndani ya karatasi ya sigara. Nyumbani hatukuwa na mashine, nikaenda kwa jirani yetu, mama mmoja Mwislamu aliyekuwa na redio-kaseti. Mawe ya redio yalikuwa yamekwisha, tukayaanika juani siku nzima ili yapate nguvu kidogo. Usiku tukasikiliza. Mwanzo ilikuwa rumba ya OK Jazz, na katikati rumba ikakatwa, ikaja sauti yake: salamu kwa wazazi, salamu kwa dada zangu, kila mmoja kwa jina lake. Kisha akaimba. Nyuma yake mtu alikuwa anakohoa, na mwingine anachota maji kwa ndoo toka shimoni. Mawe yakaanza kufa, sauti ikawa nzito na polepole, kama mzee wa miaka mia anayeposa. Jirani yangu akacheka hadi akalia. Mimi nililia bila kucheka.

Kaseti ile niliichakaza. Kila utepe ulipotoka nje niliurudisha kwa kalamu, nikizungusha hadi kidole kinauma.

Alirudi 1987. Nilisikia lori, nikasikia watu wanaitana, kisha nikamwona mdogo wake, kijana wa miaka kumi na sita hivi, anashuka naye mgongoni. Udongo ulikuwa umeporomoka shimoni na jiwe limemkanyaga mguu wa kushoto. Vidole vitatu vilibaki Namoya.

Mali ilikuwa kamili. Baba akahesabu mbuzi, akagonga mabati kwa kucha, akakanyaga cherehani mara tatu kuona kama mkanda umekaza. Halafu akamwambia kijana avue kiatu. Aliutazama ule mguu muda mrefu. Hakuomba msamaha, baba zetu hawakuzoea neno hilo, lakini usiku mama alitumwa kurudisha mbuzi wanne kwa mlango wa nyuma. Toka siku ile baba hakuulalamikia tena wimbo.

Arusi yetu ina jambo la kuchekesha ambalo lazima niwape. Sisi ni watu wa Kiswahili. Kilingala kilitufikia na askari na nyimbo, na tulikiimba bila kukisikia. Siku ile mtu alileta gramofoni na sahani chache, tukachagua moja ya kufungulia dansi kwa sababu ilikuwa tamu na ya polepole: "Mokolo nakokufa" ya Tabu Ley Rochereau, ya mwaka 1966. Tukaingia katikati, mimi na bwana wangu mwenye kiatu kilichojazwa kitambaa mbele, shangazi zangu wakipiga vigelegele. Mjomba wangu, askari aliyestaafu, alisimama mlangoni ametoa macho. Hakutaka kutuharibia siku. Kesho yake ndipo aliponiambia kwamba tumefungua ndoa yetu na wimbo wa watu wanaofikiri juu ya siku watakayokufa. Nikaogopa sana. Bwana wangu alipoambiwa akasema: "Vizuri, tumeanzia mwisho."

UNESCO ilipoiandika rumba ya Kongo zote mbili katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, mwezi wa 12 mwaka 2021, nilifurahi kama wengine. Nikafikiri pia juu ya maharusi wote wa Maniema waliodansi kifo chao wakitabasamu.

Ya vita sitaandika mengi, kila mmoja wetu ana yake. Vilipotufikia mwaka 1998 tulilala porini miezi mingi. Kaseti ilibaki nyumbani, na nyumba yenyewe haikubaki. Kule hakuna mtu aliyeimba kwa sauti, kwa kuwa kilio cha mtoto mmoja kingeweza kumaliza familia nzima. Baba watoto alikuwa anaimba kwa pua, mdomo umefungwa, mtoto amelala kifuani pake. Mtoto anasikia mfupa wa kifua unatetemeka, anatulia. Watoto wetu walilazwa na "Malaika" bila neno hata moja ndani yake. Binti ninayewaambia habari zake alizaliwa huko huko, 1999, na ndiye wa pekee anayeujua wimbo ule kwanza kama mtetemo. Akiumwa kichwa mpaka leo ananguruma hivyo hivyo peke yake.

Sasa msifikiri nitasema mali ifutwe. Nina habari ya mdogo wangu.

Yeye wimbo wake ulikuwa wa Remmy Ongala, "Kipenda Roho". Wengi wanamjua Dokta Remmy kama Mtanzania, na kweli alikaa Dar es Salaam toka mwaka 1978, akapiga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila, na huko huko akafa mwezi wa 12 mwaka 2010. Lakini alizaliwa Kindu, mwaka 1947. Ni mtoto wa Maniema, na kila nilipomsikia kwenye redio ya Tanzania niliona kama jirani amepata kazi nzuri mbali. Jina la wimbo ule limetoka kwenye methali mnayoijua, kwamba kipenda roho hula nyama mbichi. Mdogo wangu aliishika methali hiyo kama amri. Alimpenda kijana wa upande wa Kabambare, Mubangubangu, na baba alipoanza hesabu zake yeye hakungoja mtu aende Namoya kwa ajili yake. Alikuwa ameuona mguu wa shemeji yake. Usiku mmoja alifunga vitenge vyake viwili, akaondoka.

Mwanaume yule alimpenda, hakuna awezaye kukataa. Lakini kila ugomvi, hata wa chumvi, watu wa bwana walimwambia hakutolewa hata mbuzi. Na kwetu, watoto wake wakija kutembea, kaka zangu waliwaita watoto wetu, maana yake baba yao bado hawajamhesabu. Alikaa katikati miaka kumi na mitatu. Mwaka 2004 alikufa akijifungua mtoto wa tano. Kabla hatujamaliza kumwosha, wajomba zangu walisimama mbele ya nyumba wakasema mwili hauondoki mpaka mali itoke.

Siku mbili. Mnajua joto la kwetu. Mwanaume aliuza baiskeli, akatoboa paa lake, akatoa mabati moja moja. Alilipa mali ya mke ambaye angekwenda naye kaburini tu. Mimi nilikuwa ndani na maiti, nafukuza nzi, na nilisikia sauti za watu wa ukoo wangu wanapatana bei nje. Sijawahi kuandika jambo hili. Sikusema neno siku ile, na nilikuwa dada mkubwa.

Kwa hiyo mtu akiniambia mapenzi yanatosha, ninamwona mdogo wangu juu ya mkeka. Na mtu akiniambia mali ni heshima, nauona mguu wa kushoto.

Baba watoto alituacha 2017, homa ya siku tisa. Mashemeji walinisaidia, siwezi kuwasema vibaya. Ndio walionilipia masomo ya wawili wa mwisho. Na kwa desturi yetu, kwa kuwa baba hayupo, mali ya binti zangu iko mikononi mwao.

Binti yangu amepata kijana mwalimu wa shule ya msingi, mmoja wa wale wanaofundisha miaka bila jina lao kuingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali, wanaokula kwa michango ya wazazi. Ni mtu mpole, anakunja mikono ya shati sawasawa. Mwezi wa tatu watu wake walikuja na divai ya mnazi na jogoo, wakapewa karatasi. Shemeji mkubwa aliiandika mwenyewe kwa wino mwekundu: dola 1,500, mbuzi kumi, suti na viatu vya baba mdogo, magunia mawili ya mchele, chumvi, sabuni, na chini kabisa, pikipiki. Kwangu mimi mama, kitenge cha waksi na sufuria.

Usiku binti akaniletea habari kwamba kijana anakwenda Salamabila wakati wa likizo. Atachimba kidogo, atarudi. Nilikuwa nachagua mchele. Nikaendelea kuchagua, hata pale ambapo hakuna mawe.

Nilimwendea kwanza yule jirani wa kaseti, ambaye sasa ni mzee na macho hayaoni vizuri. Akanikumbusha jambo ambalo Waislamu wetu wanalijua na sisi wengine hatulitazami: kwao mahari ni ya binti mwenyewe, si ya wajomba wala ya baba wadogo. "Wengi wetu tunaikula pia," akasema, "lakini tunajua tunakula ya nani." Sikupata jibu la matatizo yangu hapo, ila nilipata nguvu ya miguu.

Mnajua kwamba mama haingii kwenye baraza la mali. Anatuma maneno kwa shangazi. Nilituma, yakarudi. Shemeji alisema pikipiki si ya kwake, ni ya ukoo. Alisema pia kwamba hata serikali inataka mali, na hapo alisema kweli: Sheria ya Familia ya mwaka 1987 inaitaka kabla ya ndoa, na walipoibadilisha mwaka 2016 hawakuiondoa. Lakini sheria inasema familia zipatane. Pikipiki haikutajwa.

Basi niliingia na sinia la bukari na samaki, kwa kuwa mwenye sinia hafukuzwi. Nikaweka chini, sikutoka. Nikasema, "Shemeji, mwaka 1987, nani alimshusha ndugu yako kutoka kwenye lori?"

Akasema, "Mimi."

"Ulimbeba vipi?"

Akanyamaza. Wadogo walikuwa wanamtazama. Ndiye yule kijana wa miaka kumi na sita, sasa ana mvi na tumbo. Nikamwambia kwamba mkwe wake naye anataka kwenda kule kule, na kwamba karatasi hii ni nzito kuliko ile ya baba yangu, maana baba yangu hata baiskeli hakuomba. Nikasema pia juu ya mdogo wangu, kwamba sitaki mali isiyotoka, nataka mali ambayo mtu anaweza kuitoa akiwa na vidole vyote. Sauti yangu haikuwa nzuri. Nilisema mengine ya hasira ambayo binti amefuta hapa.

Waliniambia nitoke wale kwanza. Baada ya chakula wakaniita mlangoni. Pikipiki imefutwa. Dola zimekuwa 600, nusu sasa, nusu baada ya ndoa, hata baada ya mtoto wa kwanza. Mbuzi sita. Suti imebaki, shemeji anaipenda suti. Kitenge changu na sufuria yangu pia vimebaki, na mama mmoja wa kikundi chetu ameniuliza kwa nini mimi sikufuta sehemu yangu ili nitoe mfano. Nimelea miaka ishirini na minne. Kitenge nitakivaa.

Lakini siku tulizopoteza kutuma maneno na kuyarudisha, kijana alikuwa amekwisha ondoka. Alipanda pikipiki ya mizigo usiku ili asiage. Tulituma habari kwa mwendesha pikipiki, kisha kwa mfanyabiashara wa mafuta, kwamba karatasi imebadilika, arudi. Siku nne hakuna jibu. Alhamisi iliyopita simu ikalia, binti akapanda juu ya kiti cha uani mahali ambapo mtandao unashika, kisha akashuka akanipa mimi.

Nyuma yake nilisikia muziki wa simu, wimbo wa vijana, wa Kilingala, siujui. Nilisikia pia mtu anachota maji kwa ndoo. Nikamwambia, mwanangu, pikipiki imetoka, ni dola 600 tu, na nusu yake inangoja, rudi kama ulivyo.

"Asante mama," akasema. "Lakini hata hizo mia tatu sina. Na nimekwisha kula deni kwa mwenye shimo, chakula na sepetu, hawezi kuniachia niende. Miezi miwili tu, mama."

Binti yangu ameandika tarehe kwa mkaa nyuma ya mlango.